Mutombo hakuharakishwa na mtu

Taja jina la Dikembe Mutombo, Mkongo aliyecheza kikapu NBA, ligi kuu ya Marekani, kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Mwanza, na kabla hujamaliza sentensi kuna mtu atakutikisia kidole cha shahada usoni. Hata asiyejua timu ya kikapu ina wachezaji wangapi anakijua kidole kile alichokitikisa Mutombo akishazuia mtupo wa mpinzani. Alipofariki huko Atlanta tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58 na baada ya kuugua uvimbe wa ubongo, rambirambi nyingi nilizoziona mtandaoni zilikuwa picha ya kidole na maneno mawili matatu kuhusu urefu wake. Sentimita 218, jitu, mnara, basi.

Sina ugomvi na kidole. Kilikuwa burudani safi, na NBA walipoamua kumpa faulo ya ufundi kila akikielekeza kwa mpinzani, mjanja yule akaanza kuwatikisia mashabiki jukwaani badala ya mpinzani. Lakini nikiangalia tunavyowalea vijana warefu hapa kando ya ziwa, naona tumechukua kwenye maisha ya Mutombo vile vitu viwili ambavyo havitusaidii chochote. Urefu huwezi kumfundisha mtoto. Kidole anaweza kujifunza kwa dakika moja. Jambo lililomfanya Mutombo awe Mutombo ni kwamba miaka yote aliyohitaji kuiva, alipewa.

Tuanze na tarehe, maana hapa tarehe zinasema kuliko sifa. Mutombo alizaliwa Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, tarehe 25 Juni 1966. Baba yake Samuel alikuwa mtu wa elimu. Nyumbani kwao shule haikuwa mjadala. Mwaka 1987, akiwa na miaka 21, alikwenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID. Soma tena: ufadhili wa masomo. Alikwenda kusomea udaktari wa binadamu. Kocha wa kikapu wa chuo, John Thompson, alimchukua akiwa tayari yuko chuoni, mrefu kuliko milango, akihangaika na Kiingereza.

Mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Wa pili, msimu wa 1988/89, alianza kuchezeshwa kidogo kidogo akitokea benchi, na wastani wake haukufika pointi 4 kwa mechi. Ni kweli kuna siku moja msimu huo alizuia mitupo 12 dhidi ya St. John's, watu wakashika vichwa. Siku zilizobaki alikuwa kijana wa miaka 22 anayejifunza. Hakuna aliyesema ameshindwa. Aliacha mpango wa udaktari, akasoma isimu na diplomasia, akafanya mafunzo ya kazi kwenye Bunge la Marekani na Benki ya Dunia, akamaliza shahada yake mwaka 1991. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 15 na ribaundi 12, yaani mipira iliyokosa ringi akaidaka. Denver Nuggets walimchagua wa 4 kwenye drafti, siku ambayo timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, tarehe 26 Juni 1991, siku moja baada ya kutimiza miaka 25.

Miaka 25! Hapa kwetu mchezaji wa kikapu wa miaka 25 ambaye hajatoka tunamwambia aanze kutafuta kazi nyingine, na shemeji zake wanamuuliza bado anacheza cheza tu.

Nenda viwanja vya Mirongo jioni yoyote uangalie mwenyewe. Akitokea mtoto wa kidato cha pili anayegusa ringi bila kuruka sana, mazoezi ya siku hiyo yameisha. Watu wazima watatu wanne wanamzunguka pembeni ya uwanja. Mmoja anamwambia asimame wima ukutani, mwingine anapiga picha kwa simu, wa tatu anauliza kama ana cheti cha kuzaliwa na kama wazazi wanaweza kushughulikia pasipoti. Hakuna aliyemuuliza anashika namba ngapi darasani. Hakuna aliyetazama miguu yake anapokaba, kama anavuka mguu juu ya mguu au anateleza inavyotakiwa. Wiki inayofuata mtoto ameshahamishwa shule, kapewa nafasi kwenye timu ya wakubwa, anasimamishwa chini ya ringi na kuambiwa anyooshe mikono. Mwaka mmoja baadaye goti limeanza kuuma, shule ya awali wamemfuta na ile mpya wamemchoka. Kwenye ziwa letu sheria inakataza kuvua sangara ambaye hajafika sentimita 50, na mvuvi akikamatwa naye anajua kilichomponza. Kwa watoto wa kikapu hatuna sheria hiyo. Yeyote mwenye wavu anatupa.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema, mbona wa kwetu mwenyewe alifika? Ndiyo, Hasheem Thabeet alifika, na tangu siku ile tumekuwa tukimzungumzia vibaya bila haki. Twende naye kidogo, kwa sababu hadithi yake na ya Mutombo zimekaa pamoja kwa namna ambayo hata mtunzi asingethubutu kuibuni.

Mutombo alicheza mchezo wake wa mwisho Aprili 2009. Alikuwa Houston Rockets, wanacheza mtoano na Portland, goti likagoma akiwa na miaka 42, akatolewa nje. Misimu 18 ikaishia hapo. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Juni 2009, ndiyo ikafanyika drafti ambayo Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem kuwa wa 2 kati ya vijana wote. Ilikuwa siku Mutombo anatimiza miaka 43. James Harden alichukuliwa wa 3, Stephen Curry wa 7. Wachambuzi wa Marekani walikuwa wameshamwita Hasheem Mutombo mpya: Mwafrika, mrefu kwelikweli, mzuiaji hodari aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut na tuzo za ulinzi mikononi.

Kwenye ulinganisho ule hawakuangalia umri. Hasheem aliujua mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi pale Dar es Salaam. Kufika miaka 22 alikuwa ameshaambiwa yeye ni wa pili kwa ubora. Mutombo akiwa na miaka 22 alikuwa akitokea benchi la chuo, pointi zake hazifiki 4, na jioni anarudi kwenye vitabu. Hasheem akapelekwa Memphis, timu ambayo chini ya ringi tayari alikuwepo Marc Gasol anayejua kazi yake. Dakika zikawa haba. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, wakamshusha ligi ya maendeleo, na magazeti yakaandika kwamba hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City. Baada ya msimu wa 2013/14 hakucheza tena NBA, ingawa safari yake ya kikapu iliendelea mbele, hadi Japani na Taiwan.

Mutombo yeye aliangukia Denver, timu mbovu isiyo na mtu. Msimu wake wa kwanza walishinda mechi 24 tu kati ya 82. Kwa mchezaji mpya ilikuwa bahati: akacheza karibu dakika zote, akapata pointi 16 na ribaundi 12 kwa mechi, akaitwa kwenye mchezo wa nyota wote mwaka huohuo wa kwanza. Angepelekwa timu yenye Gasol, na angepelekwa akiwa na miaka 22, sijui tungekuwa tunalijua jina lake. Pengine angekuwa daktari mzuri Kinshasa.

Kwa hiyo ninaposikia mtu kijiweni anasema Hasheem "alituangusha", huwa namuuliza alikuwa ameahidiwa nini na nani. Mtu wa kwanza wa taifa zima kucheza NBA, aliyeanza mchezo wenyewe akiwa mtu mzima kiasi, akafika nafasi ya 2 kwenye drafti kwa miaka 7. Huo ni muujiza. Kilichomkuta baadaye ni hesabu ya kawaida kabisa ya mtu aliyeambiwa aive kabla ya siku zake, tena na watu wenye fedha nyingi wasiopenda kusubiri.

Sasa kuna sehemu ya Mutombo ambayo ningependa kila kocha wa mashule hapa Nyamagana na Ilemela akae chini aitazame kwenye simu yake: namna alivyokuwa anazuia. Wengi wanadhani kuzuia mtupo, au bloku kama vijana wanavyosema, ni kuupiga mpira uende jukwaa la tatu watu wapige kelele. Tazama vizuri. Mutombo hakuwa anaruka mapema. Anamwacha mfungaji aingie, anabaki na miguu miwili chini muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia ukiwa mtazamaji, mabega yakiwa yamemwelekea mtu na siyo mpira. Mkono unapanda baada ya mpira kuanza kuondoka kwenye vidole vya mwenzake. Na mara nyingi anauelekeza mpira ndani ya uwanja, unamwangukia mwenzake, shambulizi la upande wa pili linaanza hapohapo. Mpira uliopigwa jukwaani unarudishwa kwa wapinzani. Uliogongwa taratibu ukabaki uwanjani ni wako. Ni kazi ya mtu asiye na papara, na haifundishwi wiki moja kabla ya mashindano.

Mwaka 1994 kazi hiyo iliandika historia. Denver walimaliza wa 8 upande wao wa magharibi na kukutana na Seattle SuperSonics, waliokuwa wa kwanza kwa kushinda mechi 63. Mshindi alikuwa anayetangulia kushinda mechi 3. Seattle wakashinda 2 za mwanzo. Hoteli zilishaanza kufikiriwa kwa raundi inayofuata. Denver wakashinda ya 3, wakashinda ya 4, na ya 5 wakaenda kuishinda Seattle kwao, kwenye muda wa ziada, 98 kwa 94. Katika mechi hizo 5 Mutombo alizuia mitupo 31. Kengele ya mwisho ilimkuta amedaka ribaundi, akaanguka chali sakafuni, ameshika mpira kwa mikono miwili juu ya uso wake, anacheka na karibu analia. Timu ya 8 haikuwa imewahi kumtoa wa 1 kwenye NBA. Ile picha ya mtu amelala na mpira ni bora kuliko picha mia za kidole, ukiniuliza mimi.

Mengine ya uwanjani nitayapitia haraka kwa sababu yako kila mahali. Mchezaji bora wa ulinzi mara 4: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mchezo wa nyota wote mara 8. Mitupo 3,289 aliyoizuia, akiwa nyuma ya Hakeem Olajuwon peke yake tangu NBA ianze kuihesabu. Atlanta walimpa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 55 mwaka 1996, na jezi yake ilikuwa namba 55, nadhani kuna mtu ofisini alicheka siku ya kusaini. Fainali ya 2001 akiwa na Philadelphia 76ers, walifungwa na Lakers ya Shaquille O'Neal mechi 4 kwa 1. Kombe hakulipata hata moja. Mwaka 2015 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu.

Angalia wastani wake wa maisha yote: chini kidogo ya pointi 10 kwa mechi. Kwa jinsi tunavyotoa zawadi kwenye mashindano yetu ya mitaa, Mutombo asingepewa hata soksi.

Upande wa pili wa maisha yake, ule wa nje ya uwanja, nao tunausimulia vibaya. Tunasema "alikuwa na roho nzuri, alijenga hospitali", kana kwamba aliamka asubuhi na kuandika hundi. Mwaka 1996 timu ya kikapu ya wanawake ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilifuzu Olimpiki ya Atlanta, na nchi ilikuwa imeshapasuka kiasi kwamba akina dada wale hawakuwa na jezi za maana. Mutombo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anahamia Atlanta, akalipia jezi na gharama zao. Mwaka 1997 akaanzisha taasisi yake. Kipindi hichohicho cha vurugu Kinshasa, mama yake, Biamba Marie, aliugua, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa na hali ya mji. Akafariki bila kufika kwa daktari. Mtoto wake alikuwa mmoja wa wanamichezo wanaolipwa vizuri zaidi duniani na fedha ile yote haikuweza kumvusha mama mitaa michache usiku.

Hospitali yenye jina la mama huyo ilizinduliwa kwa jiwe la msingi mwaka 2001 katika eneo la Masina, pembezoni mwa Kinshasa, na ilikuja kupokea wagonjwa mwaka 2007. Vitanda 300, gharama dola milioni 29 hivi, zaidi ya nusu zikitoka mfukoni mwake. Hesabu: miaka 10 tangu taasisi ianze mpaka mgonjwa wa kwanza alale kitandani. Katikati hapo kuna vita, kuna viwanja, kuna wafadhili waliokuja na waliokimbia, na kuna mtu anayecheza mechi 82 kwa mwaka akirudi kwenye simu za mafundi. Rais George W. Bush alimwalika kwenye hotuba yake kwa taifa Januari 2007 na kumtaja mbele ya Bunge. Makofi yalikuwa ya dakika moja. Kazi ilikuwa ya muongo mzima.

Sisi wa Mwanza tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengi. Bugando, pale mlimani, ilifunguliwa mwaka 1971 na Kanisa Katoliki, serikali ikaichukua, ikairudisha kwa Kanisa mwaka 1985 kwa ubia, na leo ndiyo rufaa ya kanda yote ya ziwa. Haikujengwa na tajiri mmoja wala haikuiva kwa mwaka mmoja. Na kuhusu mama aliyeshindwa kufika, waulizeni watu wa Sengerema na Geita waliowahi kukesha Busisi na mgonjwa ndani ya gari, wanasubiri kivuko cha kwenda Kigongo. Taa za Kigongo ng'ambo wanaziona. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za zege juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Lakini miaka ya kusubiri ilikuwepo, na wapo waliozikwa kwa sababu ya maji yale.

Ndiyo maana huwa nachoka na ile kauli kwamba mchezaji aliyefanikiwa "arudishe kwa jamii", inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi na watu ambao hawajawahi kuchangia hata wavu wa ringi. Hospitali ni kazi ya serikali kwanza. Mutombo aliziba pengo, na tumpe heshima yake, lakini isiwe kisingizio cha kumdai kijana wa miaka 23 aliyesaini mkataba wa kwanza Misri au Rwanda atujengee zahanati. Mutombo mwenyewe alianza na jezi za timu ya dada zake. Hospitali ikaja baadaye, na mwishoni kabisa shule huko Mbuji-Mayi aliyoipa jina la baba yake.

Wala hakuwa malaika. Kuna doa moja ambalo rambirambi zetu zililiruka, na kwa watu wanaoishi jirani na migodi ya dhahabu si doa dogo. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwishoni mwa 2011 ilimtaja katika mpango wa mfanyabiashara mmoja wa mafuta wa Houston kununua dhahabu ya Kongo, mpango ulioishia Goma mwezi Februari mwaka huo ndege ikakamatwa na mamilioni ya dola yakapotea mikononi mwa jenerali Bosco Ntaganda, ambaye wakati huo alikuwa tayari anatafutwa na mahakama ya The Hague. Hakuna mahakama iliyomtia Mutombo hatiani. Lakini mtu aliyejenga hospitali kwa miaka 10 alijikuta jina lake kwenye biashara iliyokuwa ilete faida ndani ya siku chache. Yeyote aliyewahi kuonyeshwa "mzigo" wa Geita kwenye kitambaa na kuambiwa alipe leo leo anajua harufu ya biashara za namna hiyo. Mtu mwenye subira kuliko wote kwenye kikapu aliponzwa na haraka, hata yeye.

Nikirudi kwetu, nafasi ya kufanya vizuri ipo karibu kuliko tunavyodhani. Ligi ya Afrika ya kikapu, BAL, ilianza Mei 2021 mjini Kigali, na Mutombo alikuwa mmoja wa wawekezaji wa NBA Afrika. Fungua ramani: kutoka Mwanza, ukivuka daraja ukapita Geita, Biharamulo na Ngara mpaka Rusumo, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam. Kijana wa Igoma anaweza kupanda basi kwenda kuona kikapu cha juu kabisa cha bara hili kwa nauli ndogo kuliko ya kwenda kuangalia mechi ya Simba na Yanga kwa Mkapa. Upande mwingine wa ukaribu huo ni kwamba na wavuvi wa vipaji wako karibu. Kuna vituo vya kukuzia vijana barani, kama kile cha NBA huko Saly, Senegal, vinavyochukua watoto wa sekondari. Havina ubaya kwa aliyeiva, na vinasomesha. Ninachoogopa ni njia ya kuelekea huko: madalali, tarehe za kuzaliwa zinazorekebishwa, mtoto anayeachishwa shule Mwanza kwa ahadi ambayo hakuna aliyeiandika.

Wazazi wangenisikiliza, ningewaomba kitu kimoja: anayekuja kumtaka mtoto wenu aonyeshe shule kwanza, jina lake na nani analipa ada mpaka mwaka upi. Kwa Mutombo ufadhili ulikuwa wa masomo na mpira ukafuata. Mkiona mpangilio umegeuzwa, muwe wakali.

Na kwa wanaoendesha mashindano, kuanzia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya mpaka ligi ya mkoa, ombi langu ni la karatasi. NBA yenyewe haikuwa inahesabu mitupo iliyozuiwa mpaka msimu wa 1973/74. Waliocheza kabla ya hapo, hata Bill Russell aliyekuwa mzuiaji hatari kuliko wote wa enzi yake, kazi yao hiyo haimo kwenye kitabu. Sisi bado tuko kabla ya 1973. Kwenye meza ya mwamuzi tunaandika pointi na faulo, mara chache ribaundi, kombe la mtu binafsi anapewa mfungaji bora. Kijana mkabaji wa kidato cha tatu anamaliza mashindano yote na mbele ya jina lake kuna pointi 4. Nani atamvumilia miaka mitatu zaidi kwa pointi 4? Kocha mpya akija na kuiona karatasi ile, atamwacha.

Ongezeni safu mbili, ya ribaundi na ya mitupo iliyozuiwa, na mkae na mwanafunzi mmoja mwenye kalamu asiyefanya kazi nyingine siku hiyo. Halafu karatasi zisiishie kufungia karanga nje ya uwanja. Zitunzwe shuleni, mwaka kwa mwaka, ili mtoto akifika kidato cha sita kuwe na mtu anayeweza kuona kwamba alizuia mitupo 6 alipoanza, 19 mwaka uliofuata, na 40 sasa.